Kuvua kwa Mshipi Mwanza: Bwawani, Miambani, Mtumbwini au Kwenye Boti ya Sangara?

Mtu anayeulizia mahali pa kuvua kwa mshipi jijini Mwanza kwa kawaida huanza na samaki: sangara wanapatikana wapi, sato wako wapi, na kambare wanataka chambo gani. Maswali hayo ni halali, lakini hayamsaidii sana kuchagua, kwa kuwa samaki wa ziwa hili si wagumu kunaswa. Sato hula donge la ugali, kambare hufuata karibu kila kitu chenye harufu, na sangara mwenye njaa hushambulia kipande cha plastiki kilichochongwa mfano wa samaki mdogo. Kinachobadilika kutoka mahali hadi mahali ni maji, yaani kina chake, mawe yake, upepo wake na viumbe wanaoishi pembezoni mwake. Kwa sababu hiyo nimelinganisha sehemu na njia za kuvua kwa kuangalia kwanza maji yanamdai mvuvi nini, na samaki nimewaweka nyuma ya hapo.

Ninazungumzia uvuvi wa burudani na wa kitoweo cha nyumbani, unaofanywa kwa mwanzi, kwa tangusi (uzi wa nailoni) ya mkononi au kwa fimbo ya dukani yenye gurudumu la kukunjia uzi. Nyavu na uvuvi wa dagaa kwa taa ni kazi za watu, zina sheria zake na ujuzi wake, na mgeni hana sababu ya kujiingiza huko.

Bwawa la kufugia na lambo

Kwa mtoto, au kwa mtu mzima ambaye hajawahi kushika ndoano, bwawa la mfugaji wa samaki ni mahali salama kuliko pote. Wapo wafugaji wanaokubali mtu aje na mwanzi wake, avue sato au kambare, kisha alipie kwa kilo kile alichotoa, na inatosha kuuliza kabla ya kwenda. Maji hayana mawimbi, ukingo unajulikana, na samaki wamezoea kulishwa, hivyo mtoto hasubiri hadi akachoka. Ubaya wake ni kwamba hapo hujifunzi mengi. Samaki wa bwawani hukimbilia chochote kinachoanguka majini, na mtu aliyefuzu bwawani akifika ziwani hushangaa kuona boya lake halitikisiki saa nzima.

Malambo ya kunyweshea ng'ombe, yaliyotapakaa Misungwi, Magu na Kwimba, yako katikati ya bwawa na ziwa. Mengi yana kambare, na kando zake zina matope yanayozamisha mguu. Lambo ni mali ya kijiji, kwa hiyo mtu huanzia kwa mwenyekiti wa kijiji na si majini. Kwa mkazi wa jijini, safari ya kwenda lambo ina maana pale tu anapokuwa na jambo jingine huko. Kwenda kwa ajili ya kambare peke yake ni kupita ziwa zima ukitafuta tope.

Miamba ya ukingoni

Hapa ndipo ningempeleka mtu mmoja kati ya kila wawili wanaoniuliza. Mwanza imekaa juu ya mawe, na mawe hayo hayaishii barabarani bali huteremka hadi ndani ya ziwa. Kuanzia Luchelele na Malimbe upande wa kusini, kupitia Capri Point, hadi Bwiru upande wa kaskazini, kuna sehemu ambazo mvuvi husimama juu ya jiwe kavu huku mbele yake kukiwa na maji ya kina cha kutosha kwa sato mkubwa. Ukilinganisha na bwawa, miamba inafundisha, na ukilinganisha na mtumbwi, haihitaji kumlipa mtu yeyote. Gharama ni mwanzi, uzi, ndoano chache ndogo, boya na nauli ya daladala.

Chambo cha sato ni ugali mgumu uliolala, ukakandwa upya kwa unga mkavu kidogo hadi ukaacha kunata vidoleni. Donge liwe dogo kiasi cha punje ya harage na liifiche ndoano yote pamoja na ncha yake. Ndoano namba 8 hadi 12 zinatosha, na wengi hukosea kwa kutumia kubwa, kwa kuwa mdomo wa sato ni mdogo kuliko mwili wake unavyoonyesha. Nyungunyungu pia hufanya kazi, isipokuwa humaliziwa haraka na furu.

Furu ndio wanaomfanya mwanafunzi wa miambani awe mvuvi. Samaki hawa wadogo hudonoa kwa haraka na boya hucheza palepale bila kuhama, na mwanagenzi huvuta kila mara na kupata ndoano tupu. Sato hana papara. Boya lake hutetemeka kidogo, hutulia, kisha hulala ubavu au huanza kusafiri pembeni polepole kana kwamba linasukumwa na upepo usiokuwepo. Hapo ndipo mkono unainuliwa, kwa mkunjo mfupi wa kiwiko na si kwa kurusha fimbo nyuma ya kichwa. Anayeweza kutofautisha madonoo hayo mawili bila kufikiri ameshavuka ngazi ya kwanza.

Furu wenyewe wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Ziwa Victoria lilikuwa na aina mamia za furu zisizopatikana popote pengine duniani, na Ghuba ya Mwanza ndiyo iliyochunguzwa kwa karibu na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi kuanzia mwaka 1977. Sangara, aliyepandikizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Wanaoishi kwenye miamba walisalimika zaidi kuliko wale wa maji wazi. Kwa hiyo furu mwenye rangi kali uliyemtoa kati ya mawe ya Capri Point huenda hana ndugu nje ya ziwa hili, na kumrudisha hakukupunguzii chochote sufuriani, maana ni mifupa mitupu.

Ugumu halisi wa miamba ni kunasa kwa chubwi, yaani kizito kinachozamisha ndoano. Uzi ukishuka kati ya mawe mawili, chubwi hukwama na mvuvi hukata kila kitu. Dawa yake ni kulifunga chubwi kwa kipande cha uzi mwembamba kuliko uzi mkuu, ili likikwama likatike lenyewe na ndoano irudi, au kulitoa kabisa na kuliachia donge lizame kwa uzito wake. Ugumu wa pili ni jiwe lenye utelezi wa kijani karibu na maji. Viatu vya raba vyenye nyayo zilizochakaa havifai huko, na kandambili hazifai kabisa.

Miamba ina sifa nyingine ambayo ningeiweka juu ya zote, nayo ni kwamba humwacha mvuvi mkavu. Kichocho kipo katika ukingo huu wa ziwa. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hasa jua linapokuwa kali, na hasa katika maji ya kina kifupi yaliyotulia na yenye mimea. Anayevua akiwa juu ya jiwe bila kuloweka miguu amejiepusha kwa sehemu kubwa, na anayeingia hadi magotini ili kurusha mbali zaidi hajajiepusha. Aliyeloweka miguu mara kwa mara aende kituo cha afya akapimwe, kwa kuwa dawa ya prazikwanteli inatibu ugonjwa huo mapema bila shida.

Wakati mzuri ni tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi jioni. Mchana upepo kutoka ziwani huamka, mawimbi hupiga mawe na boya halisomeki. Mto Mirongo, unaopita katikati ya mji na kumwaga taka zake ziwani, uepukwe pamoja na mdomo wake, hata kama watoto wa hapo watakuonyesha kambare wa kuvutia. Jiwe la Bismarck nalo ni la kupiga picha, maana vivuko na vyombo vingine havimpi mvuvi utulivu.

Matete na usiku: kambare na kamongo

Wanaotaka samaki mwenye nguvu bila kukodi chombo huelekea kwenye kingo zenye matete na majani, ambako kambare na kamongo hujificha. Chambo ni utumbo wa kuku au kipande cha samaki, uzi uwe mnene, na ndoano iwe kubwa kuliko ya sato mara mbili au tatu. Wote wawili huweza kuvuta hewa juu ya maji, na ndiyo maana huishi vizuri kwenye maji mazito yanayowashinda samaki wengine, na ndiyo maana pia huendelea kuwa hai ndani ya ndoo kwa muda unaomshangaza mgeni.

Kwa upande wa ufundi, uvuvi huu ni rahisi kuliko wa sato: unatupa, unasubiri, unavuta. Kwa upande wa mahali, ni mgumu kuliko wote wa ukingoni. Matete ni makazi ya mamba, viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na konokono wa kichocho hupenda hapohapo. Kamongo naye ana meno bapa yenye nguvu ya kuponda konokono, na kidole hakina ugumu wa konokono, hivyo ndoano yake hutolewa kwa koleo baada ya samaki kutulizwa. Simshauri mtu kwenda huko usiku bila mwenyeji wa ukingo huo huo, na simaanishi mwenyeji wa Mwanza kwa jumla, namaanisha anayejua ni matete yapi ambayo kiboko alitokea wiki hiyo. Asiye na mwenyeji achague miamba.

Mtumbwi wa kasia ndani ya ghuba

Ghuba ya Mwanza imeingia nchi kavu takriban kilomita 60, na kwa kuwa imezingirwa na vilima, asubuhi nyingi maji yake ni tulivu kuliko ya ziwa wazi. Kukodi mtumbwi pamoja na mwenyewe wakati amerudi kutoka kutega nyavu ni hatua inayofuata kwa aliyezoea miamba. Unapata samaki wa aina nyingi zaidi, kwa kuwa pamoja na sato kuna hongwe, gogogo, domodomo, na mara chache ningu, ambaye zamani alikuwa mwingi na leo ni adimu kwa sababu alivuliwa mno alipokuwa akipanda mito wakati wa mvua ili kuzaa.

Ujuzi unaoongezeka hapa ni wa kuhisi bila kuona. Boya huachwa, tangusi hulazwa juu ya kidole cha shahada, na mvuvi hujifunza kutambua chubwi linapogusa tope, linapogusa mchanga na linapogusa jiwe, kwa kuwa sato hutafutwa penye mchanga karibu na mawe na hongwe hutafutwa chini zaidi. Mwenye mtumbwi anajua sehemu hizo bila kifaa chochote. Anapanga mti fulani ulandane na jiwe fulani ukingoni, kisha anashusha nanga. Mtu akimlipa kwa ajili ya maarifa hayo, na asihesabu kwamba amelipia kasia tu, hatalalamikia bei.

Mapatano yafanyike kabla ya kuondoka, na yahusu mambo matatu ambayo yakiachwa huleta maneno ufukweni: mtarudi saa ngapi, fedha italipwa nusu au yote, na samaki watakaopatikana ni wa nani. Anayemwita mwenye mtumbwi "mzee" au "kaka" na kuuliza kwanza hali ya maji, kabla ya kuuliza bei, kwa kawaida hupelekwa mahali pazuri zaidi.

Gogogo anahitaji maelezo yake. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, yenye meno kama ya msumeno, na akiguswa huisimamisha na kuifunga isilale tena. Mgeni humkamata juu na kuumia kiganjani. Mzoefu hufunga kitambaa kilicholowa mkononi, humshika kwa tumboni nyuma ya miiba ya ubavu, na kama ndoano imeingia ndani sana hukata uzi badala ya kushindana naye ndani ya mtumbwi mwembamba.

Mtumbwi una dosari moja kubwa ukilinganisha na miamba: hauna pa kukimbilia upepo ukigeuka. Jaketi la kujiokolea livaliwe, lisiwekwe chini ya makalio kama mto, na hili linamhusu hata anayejua kuogelea. Magugu maji nayo husukumwa na upepo na yanaweza kuziba njia ya kurudi katika muda mfupi, jambo linalomsumbua mwenye kasia kuliko mwenye injini.

Boti ya injini na sangara

Sangara ndiye anayetajwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiye anayechaguliwa mapema mno. Ni samaki anayeweza kufikia kilo 200, ingawa wengi wanaonaswa leo ni wa kilo chache. Kumnasa hakuhitaji mkono wa ajabu. Boti huenda mwendo wa pole kandokando ya rasi zenye mawe na visiwa vidogo nje ya ghuba, upande wa Igombe na Kayenze kwa mfano, huku chambo bandia kikikokotwa nyuma, na samaki akikishika hujinasa mwenyewe kwa mwendo wa boti. Kazi ya mvuvi ni kushikilia fimbo imara, kumchosha, na kuepuka kumshika kwenye vifuniko vya mashavu, ambavyo vina makali ya kukata.

Kwa hiyo ugumu wote umo ndani ya boti. Huku ni ziwa wazi lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na pepo za kusi za miezi ya Juni hadi Agosti pamoja na radi za misimu ya mvua hazimsubiri mtu amalize kuvua. Anayechagua njia hii achunguze chombo kabla ya kuchunguza fimbo: kimesajiliwa na kukaguliwa, kina jaketi kwa kila kichwa, kina kasia au injini ya akiba, na nahodha amesoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa siku hiyo. Akiongezwa abiria mmoja asiyekuwepo kwenye mapatano, akatae. MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 zilizama katika ziwa hili zikiwa zimebeba kupita uwezo, na boti ndogo ina nafasi finyu zaidi ya makosa kuliko zile.

Jambo lingine ambalo wakodishaji hawalitaji ni hili la kumrudisha samaki majini. Sangara aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu hufika juu bondo lake (kifuko cha hewa tumboni) likiwa limevimba, tumbo likiwa limejaa, na akiachiwa huelea ubavu hadi afe au abebwe na furukombe. Anayetaka kuvua na kuachia avue kwenye maji ya kina kifupi kandokando ya mawe, na anayevua kwenye kina kirefu akubali kwamba samaki huyo ni wa kula, na aache kuvua mapema.

Kwa mzoefu mwenye fedha na siku za kutosha, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo iko juu ya chaguo zote za hapa mjini. Ilitangazwa mwaka 1977, uvuvi wa biashara hauruhusiwi katika maji yake, na hivyo sangara hupata muda wa kukua. Uvuvi wa fimbo hufanywa kwa kibali cha hifadhi na kwa masharti yake. Safari ya barabara imekuwa nyepesi tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kwa kuwa foleni ya kivuko haipo tena. Unapita Sengerema na Geita, kisha unavuka kwa boti. Kisiwa cha Saa Nane, ambacho kinaonekana kutoka mjini, nacho ni hifadhi ya taifa, na asithubutu mtu kutupa ndoano kando yake kwa kudhani ni ziwa la wote.

Ruhusa na vipimo

Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na suala la leseni humalizwa kwa ofisa uvuvi wa halmashauri husika, yaani Jiji kwa upande wa Nyamagana na Manispaa kwa upande wa Ilemela. Kwenye mialo, yaani mahali samaki wanaposhushwa, viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) ndio wa kuonwa kwanza. Sato asiyefikia sentimita 25 na sangara asiyefikia sentimita 50 hurudishwa, na kwa mvuvi wa miambani hili la sangara ni la kila siku, kwani wadogo ndio wanaopenda ukingo. Kamba yenye mafundo mawili kwenye vipimo hivyo, ikifungwa kwenye fimbo, huondoa ubishi. Sato jike akitolewa na mayai au vifaranga mdomoni arudishwe papo hapo, hata akiwa mkubwa, kwa kuwa hulea wanawe humo. Tena, msikaribie vizimba vya kufugia samaki kwa chombo wala kwa ndoano. Samaki wa mle wana wenyewe.

Kundi lenye viwango mchanganyiko, kwa mfano familia yenye watoto, mjomba mzoefu na mgeni kutoka Dar es Salaam, lisilazimishe wote kupanda boti moja. Luchelele hulimaliza suala hilo bila ugomvi. Watoto na mgeni wakae juu ya miamba na mianzi yao pamoja na mtu mzima mmoja asiyevua, ambaye kazi yake ni kuwaangalia tu. Mjomba atoke kwa mtumbwi saa kumi na mbili asubuhi na arudi saa nne, kabla upepo haujaamka. Wabebe barafu kwenye boksi, kwa kuwa sato akiachwa juani hulegea kabla ya saa sita, na kama wote wamekosa, soko la samaki la Mwaloni Kirumba liko wazi na dagaa hawakosekani.